Fizikia Mlangoni pa Tiba

Yuko kijana mwenye moyo wa huruma, mikono ya utaratibu na macho yanayoona. Haogopi damu wala kukesha. Akikabidhiwa mgonjwa atamtunza kama nduguye. Lakini hakabidhiwi mgonjwa, maana alama yake ya fizikia haikutosha. Je, hiyo ni haki? Swali hilo huulizwa katika nyumba nyingi za nchi ya majani chai, hasa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakiisha kutangazwa. Mimi nililiuliza kwa muda wa miaka miwili, na katika miaka hiyo jibu langu lilikuwa moja tu: si haki hata kidogo. Leo jibu langu ni refu zaidi, ingawa sehemu yake moja ingali ile ile ya zamani.

Kwetu ni Kapkatet, katika Kaunti ya Kericho, si mbali na mpaka wa Bomet. Ni nchi iliyoinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nchi ya vilima vya kijani, ya mvua za alasiri, na ya mvua ya mawe ambayo kwa robo saa huweza kuyapasua majani ya shamba zima na kumwachia mkulima vijiti. Wenyeji wake ni Wakipsigis, na wengi wao wana shamba dogo la chai, ng'ombe wawili watatu, na kibuyu cha mursik nyuma ya mlango. Kwa habari za afya hatuko mbali na msaada kama walivyo wengine. Pale Kapkatet pana hospitali ya serikali, Litein pana hospitali ya kanisa, na upande wa Bomet iko Tenwek, ambayo jina lake hujulikana hata na watu wasiojua njia ya kufika huko. Siku hizi Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, ambacho kilianzishwa mwaka 1927, kina tawi lake Kapkatet kwenyewe. Zamani zangu tawi hilo halikuwapo.

Dada yangu mdogo alipokuwa na umri wa miezi minane alishikwa na homa ya mapafu. Nilifuatana na mama kumpeleka kwa tabibu, mimi nikiwa nimebeba mwavuli na blanketi. Nilitazamia kuona dawa kali au chombo cha ajabu. Tabibu hakuchukua kimoja wala kingine. Alimfunua mtoto kifua, akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kusema neno. Mtoto wa umri ule akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, na huku anakohoa, huhesabiwa kuwa ana ugonjwa wa mapafu. Yeye alifika 64. Ndipo dawa ikatolewa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule, nami nilirudi nyumbani nikijua kazi niitakayo. Sikujua kwamba yule tabibu, alipokuwa akihesabu pumzi kwa saa, alikuwa akitenda jambo la kwanza ambalo fizikia humfundisha mtu, yaani kupima kabla ya kusema.

Katika shule yangu ya sekondari tulikuwa na maabara moja iliyotumiwa na masomo matatu, na fizikia ndiyo iliyopata zamu ya mwisho. Mafunzo yote yalitolewa kwa Kiingereza. Sisi tulisema Kikipsigis nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, hata neno moja lilipaswa kuvuka mito miwili kabla halijatufikia, na mara nyingi lilifika limelowa. Tulijifunza kukariri. Tuliweza kutaja sheria tatu za Newton kama watu wanaoitikia sala, lakini tukiulizwa kwa nini mtu hutupwa mbele matatu inaposimama ghafula katika mteremko wa Litein, tulitazamana.

Siku moja tulipewa kazi ya kuchemsha maji na kuandika joto lake kila dakika. Maji yalichemka, mapovu yakapanda, mvuke ukajaa, na kipimajoto kikasimama kwenye nyuzi 93. Tukaongeza moto, kikabaki pale pale. Makundi mengine nayo yalipata 93, na moja 94. Mwalimu wetu, ambaye alifundisha pia hesabu na mpira wa wavu, na ambaye alikuwa na madarasa mengi kuliko nguvu zake, alikuja akatazama, akasema kwamba vipimajoto vya shule vimechakaa, nasi tuandike 100, kwa kuwa ndilo jibu la kitabu. Tukaandika 100. Simlaumu sana mwalimu yule, maana mtihani ulikuwa wa taifa zima, na taifa lilitaka 100. Lakini siku ile niliamini kwamba fizikia ni elimu ya mambo yanayotokea mahali pengine.

Chini ya mtaala wa 8-4-4 mwanafunzi aliyefika kidato cha tatu aliweza, katika shule nyingi, kuchagua sayansi mbili kati ya tatu, na fizikia ndiyo iliyoachwa mara nyingi, hasa na wasichana. Mimi sikuiacha, kwa sababu niliambiwa kwamba vyuo vya tiba huitazama. Nikaibeba miaka miwili zaidi, na mwaka 1994 ikanipa alama ya D+. Biolojia na kemia zilikuwa nzuri, Kiswahili kilikuwa kizuri sana. Barua niliyoletewa kutoka chuoni ilikuwa fupi: masomo mengine yatosha, fizikia haitoshi; mwombaji aweza kufikiriwa tena akipata alama inayotakiwa katika kozi ya matayarisho.

Kozi za namna hiyo zilikuwa zikitolewa na vyuo vidogo vya binafsi mijini. Nilijiunga na kimoja. Karo yake ililipwa kwa bonasi ya chai, yale malipo ambayo mkulima hupata mara moja kwa mwaka baada ya kiwanda kufunga hesabu zake. Kila nyumba ya kwetu huyapangia matumizi tangu miezi sita kabla hayajaja. Baba alizihesabu noti mara mbili, akanipa, akasema, "Chukua, mwanangu. Usiseme kitu." Nami sikusema kitu.

Juma la pili mwalimu wa chuo alitueleza maana ya kazi. Katika fizikia, alisema, kazi ni nguvu ikizidishwa kwa umbali, na umbali wenyewe uwe upande ule ule ambao nguvu inaelekea. Mtu aliyesimama na mzigo mgongoni hafanyi kazi. Akitembea nao juu ya uwanja ulio sawa, bado hafanyi kazi dhidi ya uzito ule, kwa kuwa yeye aushikilia kwenda juu, lakini hauendi juu, waenda mbele. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono.

"Mwalimu, basi mama zetu wanaochukua majani mpaka kituoni hawafanyi kazi?"

"Katika fizikia, hawafanyi."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Kutoka shambani kwetu hadi kituo cha kununulia majani kuna kilima kimoja, kisha njia tambarare yapata kilomita moja. Mama aliipita njia ile siku baada ya siku na kikapu mgongoni, mshipi wake ukimkaza kipaji cha uso hata ukamwachia alama isiyofutika. Karo iliyoniketisha katika kiti kile ilitoka ndani ya kikapu kile. Elimu iliyosema kwamba hiyo si kazi niliiona kuwa ni elimu isiyo na adabu.

Mtu akiwa na kinyongo na somo, somo humlipa vivyo hivyo. Katika mtihani wa kwanza nilipata alama 28 katika 100. Chuo kilikuwa na kanuni kwamba anayeshindwa aweza kurudia mara moja tu, na kurudia kulikuwa na karo yake. Bonasi ilikuwa imekwisha. Nyumbani palikaliwa kikao kifupi, na uamuzi ukawa kwamba dada yangu mdogo, yule yule aliyehesabiwa pumzi, ambaye sasa alikuwa shule ya msingi ya kulipia, akae nyumbani muhula mmoja ili mimi nirudie. Hakulalamika. Alichukua kikapu kidogo akaenda na mama. Nawaambieni, vijana, hakuna mtihani ulio mzito kama ule ambao ada yake imelipwa na mtoto wa miaka saba.

Mwokozi wangu hakuwa mwalimu. Alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye aliishia darasa la saba, na ambaye alifanya kazi ya zamu ya usiku katika boila la kiwanda cha chai. Kiwanda cha chai huhitaji joto jingi: hewa ya moto ya kunyausha majani, na hewa ya moto zaidi ya kuyakausha baada ya kusagwa na kuiva. Joto hilo huletwa na mvuke, na mvuke hutoka katika boila linalolishwa kuni za mikaratusi. Nilikwenda kumpelekea chakula, nikamkuta ameketi juu ya gogo akitazama saa ya shinikizo iliyo ukutani mwa boila. Nikamwuliza maji yaliyo ndani yana joto gani.

"Yapita nyuzi 150, mwanangu."

"Mjomba, maji hayapiti nyuzi 100. Yakifika hapo hugeuka mvuke."

Alinitazama kwa huruma. "Nani alikuambia? Maji hayana nyuzi zao za kuchemka. Maji yana adui anayeyakandamiza. Adui akiwa mdogo, yanatoka mapema. Adui akiwa mkubwa, yanangoja mpaka yapate nguvu ya kumsukuma. Humu ndani mvuke wenyewe umefungiwa, unayakandamiza, basi yanangoja. Ukitaka kujua maji yatachemka lini, usitazame moto kwanza. Tazama kinachokandamiza."

Nikamwuliza nje ya boila adui ni nani, mahali ambapo hakuna mvuke uliofungiwa. Akaelekeza kidole juu. "Hewa," akasema. "Na huku kwetu mlimani hewa ni nyepesi. Dereva wetu anayepeleka chai Mombasa husema maharagwe huiva upesi kule kuliko huku. Watu humcheka. Asema kweli."

Nilirudi nyumbani usiku ule nikitembea kama mtu aliyepewa barua. Kipimajoto cha shule hakikuwa kibovu. Karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa iliyo juu yetu ni chache, shinikizo lake ni kama robo tatu na kidogo ya lile la pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Zile 93 zilikuwa jibu sahihi la Kapkatet. Kitabu nacho kilisema kweli, ila kilikuwa kikisema habari za Mombasa, na hakuna aliyetutajia hivyo.

Baada ya hapo nilikirudia kile kikapu. Niliamua kukipigia hesabu, nione fizikia itasema nini ikilazimishwa kusema mpaka mwisho. Kikapu kilikuwa na kilo 20. Kilima nilikikadiria mita 60. Kazi ya kukipandisha kikapu peke yake ni jouli 12,000. Neno hilo lasikika kubwa, lakini kijiko kidogo cha sukari kina zaidi ya jouli 60,000. Yaani kwa mujibu wa hesabu ile, mama alipaswa kupanda kilima kwa nguvu ya chini ya sehemu ya tano ya kijiko cha sukari! Nikaona hapo pana jambo limeachwa. Mama mwenyewe hakubaki bondeni wakati kikapu kinapanda. Alijipandisha na yeye, kilo 60 za mwili wake. Jumla ikawa kilo 80, na jouli 48,000. Kisha nikasoma kwamba misuli ya mwanadamu hugeuza kama robo tu ya nguvu ya chakula kuwa kazi, na robo tatu zinazobaki hutoka kama joto. Ndiyo sababu mpandaji hutoka jasho hata asubuhi ya baridi. Nikazidisha kwa nne. Nikapata jouli 192,000, ambazo ni karibu vijiko vitatu vya sukari. Nikacheka peke yangu, kwa maana mama alipofika nyumbani alikunywa kikombe kimoja cha chai, na vijiko alivyotia vilikuwa vitatu.

Ilibaki njia tambarare. Hapo jibu halikupatikana katika hesabu za fizikia, bali katika kitabu cha biolojia. Msuli unaoshikilia mzigo bila kuuinua haukupumzika kama kigingi kilichopigiliwa. Nyuzi zake ndogo hushika na kuachia, hushika na kuachia, maelfu ya mara, na kila mshiko hula chakula. Tena kila hatua ya mtembeaji huinua mwili kidogo na kuushusha. Kwa hiyo mwalimu alisema kweli juu ya kikapu: kwenye tambarare hakikupata chochote kutoka kwa uzito uliokuwa ukishindwa. Msichana wa dirishani naye alisema kweli juu ya mama. Mmoja aliutazama mzigo, mwingine alimtazama mchukuzi, na tabibu hulipwa mshahara ili amtazame mchukuzi. Lau maneno hayo mawili yangesemwa siku ile darasani, huenda wengi wetu tusingechukia.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za daktari mmoja wa Ujerumani, Robert Mayer, nikajuta kwamba hakuna aliyenisimulia mapema. Mwaka 1840, akiwa kijana wa miaka 25, alisafiri kama daktari wa meli hadi kisiwa cha Java. Siku zile ilikuwa desturi kuwatoa wagonjwa damu, naye alipowatoa mabaharia damu ya vena aliona ina wekundu mkali, kuliko alivyoizoea katika nchi ya baridi. Akafikiri: katika nchi ya joto mwili huchoma chakula kidogo zaidi ili kujipasha moto, basi damu hurudi ikiwa ingali na oksijeni nyingi. Kutoka hapo akafika kwenye wazo kwamba joto na kazi ni kitu kimoja katika sura mbili, na kwamba nguvu haipotei, hubadilika tu. Sasa sikilizeni. Makala yake ya kwanza, ya mwaka 1841, haikuchapwa. Mhariri hakumjibu hata barua, na kwa hakika makala ile ilikuwa na makosa ya fizikia, maana Mayer hakuwa hodari wa somo hilo. Alikwenda akajifunza upya kwa msaada wa rafiki zake, na mwaka 1842 makala nyingine ikachapwa. Hivi leo hakuna kitabu cha fizikia cha shule ambacho hakina fundisho lile. Huyo ni daktari aliyeona sheria kubwa ya maumbile ndani ya bakuli la damu, na bado akakwama kwenye mlango ule ule tuliokwama sisi.

Mtihani wa pili niliushinda kwa alama 57. Si alama ya kutundikwa ukutani. Muhula uliofuata dada yangu alirudi shule, mimi nikaenda chuo cha tiba.

Kama fizikia ingeishia kwenye kupita mlangoni, nisingekuwa na mengi ya kuandika. Lakini usiku mmoja, katika mwaka wangu wa pili wa kazi, kwenye kituo cha afya kidogo mbali na lami, aliletwa mama aliyejifungulia nyumbani na ambaye damu ilikataa kusimama. Shuka lilikuwa zito. Mapigo ya moyo yalikuwa mbio na membamba kama uzi. Muuguzi alikuwa akimkanda tumbo ili mji wa mimba ujikaze, na sindano ya kuukaza ilikuwa imekwisha kupigwa. Sehemu yangu ilikuwa kurudisha maji mshipani upesi kuliko damu ilivyokuwa ikitoka. Kijana aliyekuwa akinisaidia alinipa kanula ya rangi ya buluu, kwa kuwa ni nyembamba na huingia kwa urahisi katika mshipa ulionyauka. Nikaikataa, nikataka ya kijivu, tena mbili, moja kila mkono.

Sababu yake ilivumbuliwa na daktari Mfaransa, Jean Poiseuille, karibu na mwaka 1840. Alitaka kujua damu inavyopita katika mishipa myembamba, akapitisha maji katika vijibomba vya kioo na kupima kwa uvumilivu mkubwa. Aliona kwamba ukipunguza upana wa bomba kwa nusu, maji hayapungui kwa nusu, wala kwa robo: hupungua mara 16. Kanula ya buluu hupitisha mililita 36 hivi kwa dakika. Ya kijivu hupitisha 180 hivi, ingawa upana wake haufiki maradufu. Hesabu tupu ya Poiseuille ingetabiri tofauti kubwa zaidi, lakini mpira wa dripu na urefu wa kanula navyo huzuia maji. Hospitalini sheria hazitendi kazi katika vioo safi. Hata hivyo mara tano ni mara tano. Lita moja huingia kwa dakika zisizotimia sita, badala ya karibu nusu saa. Tuliinua chupa juu kadiri waya ulivyoruhusu, maana urefu ule nao ni shinikizo. Kabla ya alfajiri gari lilimchukua kumpeleka hospitali kubwa, akiwa hai na anauliza mtoto amenyonyeshwa na nani.

Na zile nyuzi 93 hazikuniacha. Vyombo vya upasuaji haviwezi kutakaswa kwa kuchemshwa tu, kwa kuwa mbegu za vijidudu kama vile vya pepopunda huvumilia maji yanayochemka hata ya pwani, sembuse yetu. Ndiyo maana Charles Chamberland, aliyefanya kazi pamoja na Pasteur, alitengeneza mwaka 1879 chungu cha mvuke uliofungiwa. Vyombo hukaa humo katika nyuzi 121 kwa muda usiopungua robo saa. Ni boila la mjomba wangu, dogo, mezani. Vitabu husema kwamba nyuzi 121 hupatikana saa ya shinikizo ikionyesha ratili 15 kwa kila inchi mraba. Hiyo nayo ni habari ya Mombasa. Saa ile huonyesha tu kiasi ambacho mvuke umezidi hewa ya nje, na kwa kuwa hewa ya nje ya kwetu ni nyepesi, sisi yatupasa kuifikisha karibu ratili 18 ndipo joto liwe lile lile. Muuguzi asiyejua hilo atazima moto kwa wakati uliotajwa kitabuni, atafungua chungu, ataona vyombo vinang'aa, na ataamini ni safi. Jicho haliwezi kumwambia vinginevyo.

Sasa nijibu lile swali la mwanzo. Kumtaka mtumishi wa afya ajue fizikia ni haki, kwa maana mwili ni chombo cha shinikizo, mabomba, wenzo, joto na umeme, na mgonjwa hatapona kwa kuwa tabibu wake ni mpole. Lakini jinsi mlango wenyewe ulivyotengenezwa, hapo ningali na ugomvi. Nilipimwa kwa mawe yaliyorushwa juu ya minara, na kwa magari yasiyo na msuguano, na kwa lifti zinazopanda maghorofa, mimi ambaye sikuwa nimeona lifti. Hakuna swali hata moja lililouliza kwa nini damu hurudi katika mpira wa dripu. Hakuna lililouliza mtu wa mlimani achemshe maziwa kwa muda gani. Tena alama moja ya herufi moja haitofautishi kati ya mwanafunzi aliyekosa akili na aliyekosa maabara. Wapo waliofanya mtihani pamoja nami, wenye mikono bora kuliko yangu, ambao hawakuwa na bonasi ya pili wala mjomba kiwandani. Wengine wao wanachuma chai mpaka leo, na wanaichuma vizuri sana, lakini hawakuzaliwa na deni la kuichuma.

Jumamosi hutembelewa na wanafunzi wanne watano wa sekondari ya karibu, ambao wametajiwa kwamba mimi hufundisha bila malipo. Hatutumii kitabu kwanza. Tuna mizani ya zamani ya kituo cha majani, sufuria ya presha iliyokwisha kukatika mkono, kipimajoto, mpira wa dripu na maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Juma lililopita msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kama mtoto anayelia anapotiwa dripu huweza kuzuia maji yasiingie. Sikumjibu. Nilimpa mpira na chupa, nikamwonyesha mahali pa kuibana kwa kidole badala ya mtoto, nikamwambia aishushe chupa polepole mpaka maji yaanze kurudi, kisha apime ni sentimita ngapi. Alipokuwa akipima, mwenzake alishika kalamu akaandika. Walipata 31. Wakataka kurudia, kwa kuwa hawakuiamini.